Historia ya swali la dirishani

Mama mmoja wa kijiji chetu hapa Nakivale alirudi kutoka Kampala akiwa na karatasi moja mkononi. Alikuwa ameondoka na bahasha nzito: barua ya mwaliko ya binti yake, picha za mjukuu ambaye hajawahi kumbeba, barua ya kanisa, barua ya kikundi cha akiba, risiti ya ada ya viza. Binti huyo alihamishiwa nchi ya tatu pamoja na mumewe miaka iliyopita, sisi tukabaki. Mama alitaka kwenda majuma sita tu. Amuone mtoto, amkande binti yake maji ya moto, apike, halafu arudi kabla ya mvua za mwezi wa tisa, juu mahindi hayajipandi yenyewe.

Nilimuuliza ilikuwaje. Akakaa kwenye jiwe, akavua viatu kwanza.

"Mwalimu, haikumaliza hata dakika tano. Aliniuliza mtoto anaitwa nani, nikamwambia. Akaniuliza nani analipa tiketi, nikamwambia. Akaniuliza: utarudi nyumbani? Nikamjibu ukweli. Nikasema hapana, nyumbani siwezi kurudi, kule kuko vita. Akaandika, akaandika, akanirudishia kitabu changu na hii karatasi."

Karatasi ilisema hakuthibitisha kwamba ana sababu za kutosha za kurudi. Ubalozi wenyewe sitautaja. Ofisa aliuliza swali analouliza kila siku, mkalimani akalitafsiri sawasawa, mama akajibu bila kudanganya hata neno moja. Ila kwa ofisa, nyumbani ilikuwa Nakivale. Kwa mama, nyumbani ni Fizi.

Sasa niseme kinachonisumbua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Jioni tatu tulikaa mbele ya nyumba yangu, mimi ofisa, yeye mwombaji. Nilimfundisha kutaja tarehe bila kusitasita, kujibu kwa kifupi, kutotoa karatasi ambayo hajaulizwa. Neno nyumbani halikunijia kabisa. Na mimi ni mtu niliyefundisha historia pale Uvira kabla ya kukimbia! Kwa hiyo nikaanza kutafuta swali hili limetoka wapi, na kwa nini limekaa vibaya namna hii mdomoni mwa mkimbizi.

Tuanze mbali kidogo. Msidhani viza ni kitu cha tangu enzi za Nuhu. Kabla ya 1914 mtu wa Ulaya aliweza kupanda treni na kuvuka nchi nyingi za bara lile bila kuonyesha kitabu chochote. Huku kwetu misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikaingia Manyema. Sisemi ilikuwa enzi nzuri. Watemi walidai hongo ya njia, na wengi katika misafara ile walitembea na minyororo shingoni. Nasema tu kwamba hapakuwa na dirisha la karatasi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, serikali za Ulaya ziliogopa wapelelezi na watoro wa jeshi, zikarudisha pasipoti na viza kama hatua ya muda. Ya muda, eti. Oktoba 1920 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris chini ya Shirikisho la Mataifa, wakasema wanatumaini siku moja vizuizi hivi vitaondolewa vyote. Kwa wakati ule wakakubaliana kwanza pasipoti zote zifanane: kitabu cha kurasa 32. Matumaini yalibaki kwenye makaratasi ya mkutano, kitabu kikaenda duniani kote.

Babu zetu waliletewa karatasi kwa sura nyingine. Kenya, sheria ya 1915 ilianza kutekelezwa baada ya vita, na mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu akalazimishwa kubeba kipande. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Katika Kongo ya Wabelgiji, mtu aliyetaka kuhama eneo la chifu wake alihitaji kibali kilichoitwa passeport de mutation. Pasipoti ya kutoka kwa chifu mmoja kwenda kwa chifu mwingine! Kwa hiyo wazee wanaposhikwa na jasho mbele ya mtu mwenye mhuri, si ushamba. Ni kumbukumbu.

Lakini karatasi yetu sisi, ile tunayoita CTD, haina ukoo na kipande. Ina ukoo wake, na hapa ndipo nilipochelewa sana kusoma.

Baada ya mapinduzi ya Urusi watu wengi walijikuta nje ya nchi, na mwisho wa 1921 serikali mpya ikawavua uraia. Hawakuwa na pasipoti ya nchi yoyote. Shirikisho la Mataifa lilikuwa limemteua Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyejulikana kwa safari za kwenye barafu ya kaskazini, awe kamishna wao. Julai 1922 serikali zilikubaliana kutoa cheti maalumu kwa Warusi hao, na watu wakakiita pasipoti ya Nansen. Miaka miwili baadaye Waarmenia nao waliingizwa. Mwandishi Vladimir Nabokov alisafiri na cheti hicho, na hakukipenda hata kidogo. Mwanamuziki Igor Stravinsky alikuwa nacho pia. Nawataja hao kwa ajili ya wale wanaoona haya kutoa CTD mfukoni.

Cheti cha 1922 kilikuwa na tundu moja kubwa. Kilikuwezesha kutoka, hakikukupa haki ya kurudi kwenye nchi iliyokitoa, isipokuwa nchi hiyo iandike hivyo makusudi. Fikirini sasa konseli wa nchi nyingine amekaa mezani mwaka 1923. Mrusi anataka kwenda kumtembelea dada yake kwa mwezi mmoja. Konseli anaangalia cheti na kujiuliza: mwezi ukiisha nitamrudisha wapi? Urusi hawamtaki, na nchi alikotoka haikuahidi kumpokea. Kumpa viza ya mwezi ni kumpa viza ya maisha. Basi anakataa. Hajamchukia, wala hajasema mwongo. Mlango wa nyuma umefungwa, basi.

Serikali zenyewe ziliona tatizo. Mkutano wa Mei 1926 ulipendekeza vyeti viwe na ruhusa ya kurudi. Mkataba wa Oktoba 1933 ukaenda mbele zaidi ukaifanya kuwa wajibu kwa nchi zilizotia sahihi, ingawa zilikuwa chache. Halafu ukaja Mkataba wa Geneva wa 28 Julai 1951, ambao sisi wote hapa tunaishi chini yake. Kifungu cha 28 kinazungumzia hati ya kusafiria, na nyuma ya mkataba kuna nyongeza ambayo watu wachache hufika kuisoma. Aya yake ya 13 inasema nchi iliyotoa hati inajifunga kumpokea tena mwenye hati wakati wowote hati ikiwa hai. Kama kuna sababu ya pekee ya kufupisha muda wa kurudi, usipungue miezi mitatu. Aya ya 10 nayo inasema ada ya viza kwenye hati hiyo isizidi kiwango cha chini kabisa wanachotozwa wenye pasipoti za kigeni. Hata lugha walizifikiria: hati iandikwe kwa lugha mbili au zaidi, mojawapo Kiingereza au Kifaransa.

Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1976, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki ya hati ya kusafiria. Mkataba wa OAU wa 1969 nao una maneno juu ya hati hizi, tena unataja ruhusa ya kurudi kwa jina lake. Kwa hiyo swali "utarudi?" lina maswali mawili ndani yake. La kwanza: unataka kurudi? La pili: unaruhusiwa kurudi? Mtu mwenye pasipoti ya nchi yake haulizwi la pili, kwa sababu jibu linajulikana. Mkimbizi anaulizwa yote mawili kwa sauti moja, na sisi tunajifunza kujibu la kwanza peke yake. Mimi nilifanya hivyo jioni tatu nzima.

Kuna hadithi ya meli ambayo inaonyesha nini hutokea pale mtembezi na mkimbizi wanapokuwa mtu mmoja. Mei 1939 meli ya Kijerumani St. Louis iliondoka Hamburg na abiria 937, karibu wote Wayahudi waliomkimbia Hitler. Walikuwa wanaenda Cuba. Wengi wao walishaomba kuhamia Marekani na walitaka kungoja zamu yao pale Havana. Mkononi walikuwa na vibali vya kushukia nchi, vilivyouzwa na mkuu wa uhamiaji wa Cuba kwa faida yake mwenyewe. Ujanja ulikuwa huu: sheria ya Cuba ilimtenganisha mtalii na mkimbizi. Mkimbizi alihitaji viza na dhamana ya dola 500, mtalii hakuhitaji. Vibali viliwachukulia abiria kama watalii. Siku chache kabla meli haijang'oa nanga, serikali ya Cuba ilibatilisha vibali hivyo kwa amri mpya. Walioruhusiwa kushuka walikuwa 28. Meli ikazunguka karibu na Florida, taa za Miami zinaonekana, Marekani haikufungua. Ikarudi Ulaya, abiria wakagawanywa kati ya Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Wajerumani walipovamia nchi hizo tatu za bara, wengi wakanaswa tena. Katika abiria wale, 254 waliuawa.

Nimewahi kuisimulia meli hii darasani mara nyingi kama habari ya Vita vya Pili. Siku hizi naiona kama habari ya fomu. Abiria walikuwa wakimbizi kweli, kibali kikasema watalii, na aliyepatwa na lawama ni aliyeshika kibali, si aliyekiuza. Wale wanaopita huku Base Camp jioni wakiuza "historia nzuri ya viza" kwa shilingi, na wenyewe wanajijua, nawaomba waisome.

Baada ya vita hiyo Marekani iliandika sheria ambayo bado inatumika. Tangu 1924 walikuwa wameshaamua kwamba mhamiaji apewe viza na konseli huko huko alipo kabla hajapanda meli, na mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya mgeni. Sheria ya 27 Juni 1952 ikaweka wazi, katika kifungu cha 214(b): anayeomba viza ya matembezi ahesabiwe kuwa mhamiaji mpaka amridhishe ofisa kwamba sivyo. Rais Truman aliikataa sheria nzima ile kwa sababu nyingine, Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Hesabuni wenyewe. Kati ya Geneva na sheria hii kuna miezi kumi na moja tu. Mkono mmoja wa dunia uliandika kwamba mkimbizi apewe hati ya kwenda na kurudi, mkono mwingine ukaandika kwamba kila anayekuja adhaniwe harudi.

Dhana hiyo haiwahusu wakimbizi peke yao, na hili mama hakuniamini mpaka nilipomweleza habari ya Nyerere. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, mwalimu wa shule na kiongozi wa chama kisicho na mwaka. Wamarekani walimpa viza ya muda mfupi mno, tena yenye sharti asiende mbali na jengo la Umoja wa Mataifa. "Hata Mwalimu?" mama akasema. Hata Mwalimu.

Ulaya wana utaratibu wao. Kanuni ya viza ya 2009 ya nchi za Schengen nayo inaruhusu kukataa pale ofisa anapokuwa na shaka ya haki kama utaondoka kabla viza haijaisha. Tofauti ni kwamba lazima wakuandikie sababu kwenye fomu na una haki ya kukata rufaa. Kwa viza ya Marekani iliyokataliwa kwa 214(b) hakuna rufaa. Unaomba upya na kulipa upya, dola 185 tangu 2023. Schengen ni euro 90 tangu 2024. Hizo fedha mnajua wenyewe ni mbuzi wangapi.

Na niongeze hili, japo linauma. Tangu Aprili 1959 kuna mapatano ya Strasbourg yanayowaruhusu wakimbizi wanaoishi katika nchi zilizoyakubali kutembeleana bila viza kwa miezi mitatu. Baadhi ya nchi zilisimamisha baadaye, lakini mapatano yapo. Yaani Mkongomani aliyepata hifadhi Ubelgiji anaweza kuvuka kwenda Uholanzi kula Krismasi na mdogo wake, kwa CTD ya mkataba ule ule wa 1951. Hati ni moja. Kilichotofautiana ni nani aliyeitoa.

Basi nikarudi kwa mama, na tukaanza upya. Tulikaa pale pale. Jambo la kwanza tulifungua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, kwa tochi ya simu, mpaka tukaona mstari unaosema mwenye hati anaruhusiwa kurudi Uganda, na mpaka tarehe gani. Alikuwa ametembea na kitabu kile miezi mingi bila kujua mstari huo upo. Na mimi pia. Tarehe iangalieni mapema. Kwa Schengen, hati lazima iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao. Kama ya kwako imebakiza kidogo, fanya upya kwanza, usilipe ada ya viza bure.

Kisha tukazungumza juu ya kesi. Wengi wetu tuna faili la kuhamishiwa nchi ya tatu, la mwaka juzi au la miaka kumi na tano. Wauza majibu wanasema lifiche. Mimi nasema ukiulizwa, sema lipo. Kwa sheria ya Marekani, uongo wa makusudi juu ya jambo zito mbele ya konseli unaweza kukufungia mlango maisha yako yote, na ukafunga hata lile faili lenyewe. Mama analo faili. Tumekubaliana aseme hivi: ninalo, linangoja, sijui lini, sasa naomba majuma sita ya kumuona mjukuu.

Hapa nageuka kidogo kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili. Mnatuandikia barua, tunashukuru. Lakini barua nyingi zinasema huyu ni mtu mwema mwenye bidii. Ofisa hafanyi chochote na wema. Andikeni kazi anayofanya, tangu mwezi gani, analipwa posho kiasi gani, anatarajiwa kazini tarehe ngapi. Shamba letu hapa hatulimiliki, tumepewa kulima, kwa hiyo hatuna hati ya ardhi ya kuonyesha. Barua yenu ikisema familia hii inalima eneo hili tangu mwaka fulani na imepanda misimu yote, hiyo ni nanga. Ya kanisa na ya kikundi cha akiba vilevile: tarehe, kiasi, jukumu. Mama ni mweka hazina wa kikundi, anashika ufunguo mmoja wa lile sanduku la kufuli tatu. Barua ya kwanza haikutaja. Nani angesafiri moja kwa moja na ufunguo wa watu?

Tulipofika kwenye swali lenyewe, nikamwambia: akikuuliza utarudi nyumbani, sema ndiyo, nitarudi nyumbani Nakivale.

Akanyamaza. Akachokonoa majivu kwa kijiti.

"Mwalimu, nikisema nyumbani ni Nakivale, si nitakuwa nimekana kwetu? Bwana yangu amelala kule Fizi. Niseme mbele ya mzungu kwamba kwetu ni huku?"

Sikuwa na jibu la haraka. Miaka yote hii tunawaambia watoto kwenu ni kule, kusudi wasipotee. Sasa namwambia mama wa miaka sitini na tatu abadilishe neno hilo kwa sababu ya dirisha. Na si uongo kusema Nakivale ni nyumbani. Kuku wake wako hapa, wajukuu watatu anaowasomesha wako hapa. Lakini si uongo pia anachosema yeye. Lugha yetu ina nyumbani, kwangu na kwetu, na mkalimani akiwa na haraka yote yanakuwa kitu kimoja.

Tukajaribu maneno mengine mpaka usiku ukaingia. Mwisho tuliliacha kabisa neno hilo. Atasema: "Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo. Ninaishi Nakivale, Uganda. Nitarudi Nakivale tarehe hii. Kitabu hiki kinaniruhusu kurudi Uganda, ni ukurasa huu." Na ataweka kidole kwenye mstari. Akiulizwa juu ya Kongo atajibu juu ya Kongo, kwamba hawezi kwenda kule, na ndiyo sababu anarudi huku. Alirudia mara saba. Mara ya nane alikataa, akasema amechoka na mimi nina sura mbaya nikiwa ofisa.

Ada ya pili ameipata kwa mbuzi mmoja na mgao wa kikundi. Barua mpya ya shirika bado tunaingoja, wameahidi Ijumaa. Gari la Mbarara linaondoka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri.